Misumari Mfukoni

Kabiria, Nairobi

Mke wangu Mama Brenda,

Hamjambo hapo nyumbani? Goti lako linaendeleaje, na mahindi ya bondeni yameanza kukomaa? Mimi ninaandika huku nikikaa na kusimama, kukaa na kusimama, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa chifu.

Kaka ameniambia unadhani nimeoa huku kwa vile sipigi simu. Sijaoa. Nikisema maneno mawili pumzi inakatika, nami sikutaka usikie. Ni mapafu. Vumbi la mbao la miaka yote hii limeyaharibu, na hayatarudi kuwa mapya. Hospitalini wamenipima: si TB, wala si ule ugonjwa ambao watu wa kwetu watautaja wakiniona.

Maana nimekonda, Mama Brenda. Nikishiba ugali, tumbo linasukuma kifua juu na hewa inapotea, basi nikaanza kukwepa chakula. Zile picha nilizokutumia, nilivaa sweta mbili chini ya koti. Naona aibu hata kuandika hili.

Wiki jana nilienda kliniki kule Upper Hill. Muuguzi alikuwa amenionya mara mbili juu ya uzito, nami kwa ujinga wangu nikajaza misumari mifukoni kabla ya kupanda mizani. Alifurahi kweli. Akasema nimeongeza kilo tatu, unga wa lishe wanaowapa waliokonda nimwachie mwingine. Kugeuka hivi, mfuko ukapasuka.

"Mzee, hizi kilo ni zako ama ni za misumari?"

Foleni nzima ilicheka. Nami nilicheka mpaka kikohozi kikanikalisha chini. Akachuchumaa karibu yangu.

"Ukikonda, hata misuli ya kupumua inakonda. Kula kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Mayai, maharagwe, avokado. Na upumzike kwanza kabla ya kula, sawa? Huko kwako nani anajua?"

Nikaanza kuokota misumari.

Nilikuwa nimepanga kusingizia kazi, kaka akae kwenye kiti changu siku ya mahari ya Brenda. Nimeghairi. Brenda ana baba, na ni mimi. Waambie watu mapema, wasianze kunililia mbele ya wageni.

Nisalimie Mama, kaka yangu na mkewe, na yule jirani yetu mwalimu.

Kutoka barabarani mpaka nyumbani nitatembea mwenyewe. Mkiniona nimesimama njiani, msinikimbilie. Ninapumua tu.

Mimi mumeo,
Baba Brenda