Paka, Kiyoyozi na Mlango

Darsait, Maskati

Salma mjukuu wangu,

Salamu zako zimefika na sisi huku wazima. Goti la babu yako limepoa, sasa anakwenda msikitini kwa miguu yake.

Umeuliza kama umwachie paka wako atoke nje huko Haima, jangwani. Mama yako anasema umwachie tu. Yeye hakuwa amezaliwa siku niliyokosea mimi.

Nilikuwa bi harusi, ndo kwanza nimetoka Unguja. Kwetu paka hafungiwi. Mlango u wazi kutwa, anakwenda kwa jirani kula vichwa vya samaki, anarudi. Basi asubuhi moja ya joto nikamtoa paka wangu vivyo hivyo. Adhuhuri nikafunga mlango, baridi ya kiyoyozi isitoke, nikalala. Kumbe alirudi, akalia mlangoni. Kiyoyozi chetu kikinguruma kama lori, sikusikia kitu.

Alasiri nilimkuta kwenye ngazi za saruji, nyayo zimebabuka. Babu yako akamnywesha maji kwa kijiko. "Zuwena," akanambia, "huku si Unguja." Paka alipona.

Nilikuwa nikidhani paka wa kwetu wako salama kwa sababu nje ni kuzuri. Kumbe ni kwa sababu ndani hakufungwi.

Basi mtoe alfajiri, ardhi ingali baridi, nawe ukae mlangoni mpaka aingie.

Na siku utakayokuja, hata iwe adhuhuri ya joto, kiyoyozi nitakizima, nikusikie ukipiga hodi.

Bibi yako,
Zuwena