Nani Atanitwika Ndoo

Mama yangu mpenzi,

Sasa hivi mjukuu wako Zulfa amechota mchanga kwa kijiko, akautia kwenye kikombe cha maji, akasema anatia dawa. Nimecheka, kisha nikayamwaga. Hujambo, mama? Miguu inasemaje? Huko Mbau mvua imeshika? Sisi wazima kwa uwezo wa Mungu, ila nyumba imepwaya. Mume wangu Twalha bado yuko mjini Pemba, anatafuta kazi.

Hapa Palma watu wa gesi wanapanua barabara. Abibo, mume wa shoga yangu Cadija, amepata kazi ya kubeba bomba la kupulizia mgongoni na kunyunyiza njiani, kule juu ya kisima chetu. Alipopita alituambia wametia dawa. Mama, tulifurahi! Tulidhani ni ile ya kipindupindu, ambayo watu wa afya hutia kisimani. Mimi ndiye niliyesema tuchote sana, maji sasa ni salama.

Mvua ikanyesha, maji yakateremka. Majimbi ya kando ya kisima yakawa kama yamebabuliwa na moto, vyura wakaelea matumbo juu. Nikamuuliza Abibo. Akacheka, akasema shemeji, dawa ya majani hiyo, ya kuyaua! Nikawaambia wanawake wasichote. Cadija akanijia juu, akasema kwa kuwa wangu hana kazi, nataka na wake afukuzwe. Tangu hapo ananipita kama mgomba, na wenzake vilevile. Nachota mbali, njia ya Pundanhar, peke yangu. Kuchota si kazi, mama. Kazi ni kukosa wa kunitwika ndoo.

Sasa lile lililonifanya nikuandikie. Nina mimba. Hata Twalha hajui, ila muuguzi wetu tu, senhora Esperança. Na yale maji niliyanywa, nikayasifu. Nilimuuliza kama mtoto amedhurika, akasema hawezi kujua, nisiyanywe tena tu. Usilie. Mimi nasema huyu atakaza roho. Akiwa wa kike nitampa jina lako, Mwanawetu.

Niombee dua. Dada Laila mpe mkono wangu, na watoto wake wote. Mimi mwanao Alima nina

Naitwa uani, mama. Ni Cadija! Ana ndoo tupu, macho mekundu, anasema bata wake wamekufa wote. Anasema mama Zulfa toka, twende huko mbali, nitakutwika, utanitwika. Nami kabla hatujatoka nataka nimwambie hili la mimba, kwamba