Majina Niliyoandika Mlangoni pa Kanisa

Kando ya Lukuga, Albertville
Jumapili baada ya Kupaa, 10 Mei 1964

Mpendwa Kaka Grégoire,

Tumsifu Yesu Kristu. Huko Kigoma mmeamkaje? Kifua chako kimepoa, ama bado kinakusumbua ukipakua magunia bandarini? Kila nikisali rozari, fumbo moja ni la kifua hicho. Huku wote tunapumua, Mungu ashukuriwe. Malaria imemwachia mwanangu Martine. Sasa anakula bukari hadi ukoko wa chunguni.

Lakini kaka, moyo wangu hauketi. Ninakufungulia wewe kwa sababu hapa sina wa kumwambia.

Unawajua samaki wetu wanaotoka ziwani na kuingia Lukuga mvua zikianza, kutaga kwenye matete. Wamepungua sana. Biro ya uvuvi, ile ofisi ya serikali, imeleta shauri: kila mvuvi anunue tembre, stempu ya ada, kila mwaka, ibandikwe kwenye kadi yenye jina lake na muhuri wa serikali. Fedha hiyo itawalipa walinzi, ili mtu asizibe mto kwa nyavu wakati wa kutaga. Bado si sheria. Kwanza wanataka majina ya wanaokubali.

Mkutano ulikuwa moto. Wazee walisema bila walinzi wajukuu wetu watakula matete. Jirani yetu Barthélemy akamgeukia karani wa biro, Hippolyte: "Karani, na samaki je? Nao mutawabandika tembre ku mukia?" Watu wakacheka, hata karani mwenyewe. Halafu Barthélemy akasema neno lililozima kicheko: kwamba hapa serikali zinapita, na kila inayoingia inauliza ulikuwa na muhuri wa nani.

Mimi nilimkumbuka Edouard, mtoto wa marehemu dada yetu. Karatasi ndogo tu yenye muhuri mfukoni, miaka mitatu iliyopita, na wenye bunduki barabarani hawakumuuliza la pili kabla ya kumpiga risasi. Sasa kila mtumbwi unaotoka kaskazini unaleta habari kwamba vita inashuka tena.

Nikuambie kosa langu. Hippolyte aliniomba niandike majina, kwa kuwa masista walinifundisha mwandiko. Nikaweka daftari mlangoni pa kanisa Jumapili iliyopita, juu ya meza ileile ninayoandikia kadi za zaka. Nilidhani ninawarahisishia. Kumbe huku mtu akiniona pale mezani haulizi kitu. Anataja jina lake na kupita, asije akapata taabu siku ya kubatiza mtoto. Wakapita arobaini na mmoja, karibu wote wakidhani ni zaka. Misa haijapoa, Barthélemy huyo mlangoni kwangu, amekasirika: mama yake mzee, ambaye hata ndoana hajawahi kushika, naye yumo.

Nilikwenda kutubu. Padri akaniambia: "Mama Pélagie, uliowaandika bila wao kujua, nenda ukawaulize wakijua."

Basi wiki hii nimetembea nyumba kwa nyumba, daftari ndani ya kitenge, nikimwachia kila mmoja akate jina lake au aliache. Bibi mmoja alikata mpaka karatasi ikatoboka. Wamebaki sita.

Mmoja wa hao sita ni shemeji yako Symphorien, mume wangu mwenyewe. Nilimwandika bila kumuuliza, kama ninavyoiandika nyumba yetu kwenye zaka. Nilimpa kalamu wa mwisho, nikijua atakata. Hakuipokea.

Kaka, nilipokuandikia kwamba msimu uliopita tulipata samaki wengi, sikukuambia walikuwa na mayai. Yeye aliufunga mto kwa wavu wa macho madogo, nami nikapasua matumbo na kuwamwagia bata mayai, mabeseni kwa mabeseni. Akaniambia kwa upole tu: "Mama Martine, huu muto, njo mimi niliufunga. Nikikata jina leo, nani ataufungua?"

Nililia mbele yake. Aliniletea maji ya kunywa, lakini kalamu hakuigusa. Tangu siku hiyo ninaogopa kila buti linalopita njiani. Majina sita, na yote ni mwandiko wangu. Ninamwomba Bikira Maria, ninanyanyuka, na hofu inanyanyuka na mimi.

Nilianza barua hii nikitaka wewe, mkubwa wetu, umwamuru akate. Neno lako hawezi kulipita. Karani anachukua daftari mwisho wa mwezi, na jibu lako lingewahi. Lakini nimefika hapa na mkono umekataa kuliandika ombi hilo. Mwandikie tu kwamba unamkumbuka. Na nyumbani kwako mtunzie Martine nafasi ya kulala. Mabaya yakija nitampandisha boti, aje kwenu. Mimi nitabaki na baba yake.

Msalimie sana wifi Emilie, na Théophile wenu. Mwambie shangazi hajasahau viatu vya komunyo yake. Clémentine wa jirani naye anawasalimu.

Yesu aliyelala ndani ya chombo wakati wa dhoruba asilale kwenu, wala kwetu.

Mdogo wako akupendaye daima,
Pélagie