Sentensi za Kweli

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi. Natumaini kile kikohozi chako kimekuacha. Sisi huku tu wazima. Mama anasumbuliwa na magoti tu, na magoti yake unayajua, huuma zaidi anapoambiwa aende asikotaka.

Ningekupigia simu, lakini haya nikianza kuyasema nitalia kabla sijafika katikati, nawe utabaki unauliza kuna nini.

Barua yako niliisoma nimesimama palepale mlangoni. Ulinieleza kwamba mtoto wenu alizaliwa hana uhai, kwamba wifi hatoki chumbani na hali mpaka abembelezwe, ukanisihi nisimwambie Mama. Nilikuelewa. Mtu aliyesema mbele ya ukoo mzima kwamba hataki mkwe asiyejua Kiswahili, wa kuongea naye kwa mikono kama bubu, aambiwe habari hiyo ili iweje?

Nisamehe, kaka. Nilimwambia siku hiyohiyo. Alikuwa anashona suruali za wahudumu wa ile hoteli. Akamaliza mshono, akakata uzi, akauliza kama mtoto alikuwa wa kike au wa kiume. Nikamjibu wa kike. Akavuta suruali nyingine.

Sasa kuna jambo hulijui. Mama anajifunza Kiingereza. Hoteli ilianza kuleta oda kwa Kiingereza, na safari moja alitia mifuko kwenye nguo zilizoandikwa zisitiwe mifuko, akazifumua zote akiwa amenuna. Toka hapo mwalimu wake ni mimi. Natamka neno, nampa maana yake, naye anatunga sentensi. Sleeve, mkono wa shati. "The sleeve is long." Basi, tunaendelea. Ila ana sharti lake, sentensi lazima iwe ya kweli. Nikimsomea ya kitabuni, kwamba ng'ombe wangu ni mweupe, ananikatiza kuwa yeye hana ng'ombe wala hajamwomba mtu ng'ombe, na nisimzoeshe uongo kwa lugha ya watu. Jamani, ualimu nimeukoma.

Baada ya barua yako akaachana na kola na vifungo. Akataka neno la kuzaa, la maziwa, la kuzika. Akataka neno la nywele. Nikadhani anatafuta namna ya kumpa wifi pole, nikafurahi moyoni, nikampa yote aliyoyataka.

Siku moja tulikuwa tunakunja nguo za kupeleka hotelini. Akasema, kwa Kiingereza chake kile cha kutembea ameshika ukuta, kwamba alikuwa na binti, na binti huyo alikufa siku aliyozaliwa. Mimi na kiherehere changu nikamsahihisha. Nikamwambia aseme ni mwanawe aliyekuwa na binti, tena nikamkumbusha sharti lake la ukweli.

Hakuniangalia. Akasema, "Ni ya kweli."

Kaka, kati yako na mimi kulikuwa na mtoto wa kike. Wewe ulikuwa mdogo, ukapelekwa kwa shangazi, uliporudi kila kitu kilikuwa mahali pake. Marehemu Baba hakumtaja tena hadi anaingia kaburini. Nilimuuliza Mama kwa nini alitunyima habari ya ndugu yetu. Alisema maneno ya Kiswahili yote yalikwisha kutumika. Kuna la mkunga aliyemwambia anyamaze, kuna la shangazi kwamba atapata mwingine, na kila akitaka kusema anasikia sauti zao. Haya ya Kiingereza bado hayajamwambia kitu. Nililia, kaka. Nilimlilia dada ambaye asubuhi ile sikuwa naye.

Jumamosi, ulipokuwa kazini, aliniamuru nimpigie wifi, na akanikataza nisimsaidie. Alizisema moja moja. "I had a daughter." Halafu, "She had hair." Kisha tukamsikia wifi analia, analia kweli. Mama hakumwambia anyamaze. Alishika simu tu sikioni mpaka mwenzake alipomaliza.

Wifi akauliza swali, Mama hakulielewa, akanigeukia. Nikamfasiria kwamba anataka kujua mtoto yule alimpa jina gani. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza. Akalitamka taratibu. Silitii humu, utalisikia kwake mwenyewe mkija, maana ameshasema mje, nyote wawili, na kitanda amekitandika.

Naye akamuuliza wifi jina la wa kwenu. Wifi akalitaja. Akasema alimpa peke yake, pale hospitalini, na kwamba tangu siku hiyo hajalisema kwa sauti kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Kaka, barua yako naipenda na uchungu wako nauona, lakini nimeirudia kuisoma na humo umeandika "mtoto" tu. Leo ukifika nyumbani, kabla hujavua viatu, muulize.

Mama anakusalimu wewe mara moja, na wifi anamsalimu mara mbili. Ubaki salama.

Ni mimi mdogo wako.