Hofu ni Kwenu Tu

Kambini, 9 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Pokea salamu kutoka huku kwenye vumbi. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu tu mlio mbali na macho yangu, na zaidi ni kwa mwanangu Chiriku.

Kazi ni ile ile. Napikia watu arobaini wanaojenga barabara, na kila nikikoroga sufuria la uji bega linanilalamikia. Leo wanasema chakula hakina chumvi, kesho chumvi imezidi. Nimeshaacha kuwasikiliza. Simu hazishiki huku, kwa hiyo tutaandikiana tu. Gari la kampuni linaleta barua kila Ijumaa.

Asante kwa kukaa na mtoto. Tangu tumzike mama yake sikuwa na pa kumweka, na miaka kumi na mmoja si umri wa kukaa kambini na wanaume. Mwambie asome, mtihani ni Novemba. Mkataba wangu unaisha Desemba.

Nimechoka, dada, lakini ndiyo hivyo.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 24 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi tupo, tunasukuma siku. Barua yako ilifika Jumanne, nikamwita Chiriku anisomee. Ndivyo tunavyofanya siku hizi: mikono iko kwenye kitambaa, miguu kwenye cherehani, macho kwenye sindano, masikio tu ndiyo hayana kazi. Anasoma vizuri mtoto wako, hata pale ulipofutafuta.

Nimezama kwenye sare za shule. Wazazi wote wamegundua wiki moja kwamba watoto hurefuka. Ndiyo maana nakuandikia kwenye karatasi ya kukatia vipimo, usinicheke.

Sasa huyo Chiriku wako. Jumatano asubuhi alisema tumbo linamkata. Nikamwambia anywe maji ya moto. Alhamisi akatapika chai pale mlangoni, na viatu vya shule ameshavaa. Nikampa dawa ya minyoo. Jumamosi mzima kabisa, anaruka kamba. Jumatatu tumbo hilo hilo! Mimi nimelea wanne, namjua mtoto anayekimbia hesabu. Anadeka tu, usihangaike. Nimemkokota mpaka getini.

Dada yako

*

Kambini, 6 Machi

Dada,

Shikamoo. Habari za hapo? Mimi mzima, ila hofu, dada, hofu yote ni kwa mtoto.

Tumbo la namna gani? Upande gani? Anakula? Anapungua? Tafadhali usiseme anadeka. Mpeleke hospitali wampime kila kitu, damu, choo, mkojo, wampige na picha. Unajua mwenyewe kwa nini nasema hivi.

Jana niliunguza maharage ya kambi nzima. Nilikuwa nimesimama palepale jikoni na sikusikia hata harufu.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 30 Machi

Mdogo wangu,

Salama? Huku miguu imenivimba, lakini tupo.

Nimempeleka. Tulikaa kwenye lile benchi la mbao tangu asubuhi mpaka saa tisa, na kazi za watu zinaningoja nyumbani. Damu safi, choo safi, mkojo safi, picha safi. Nikasema alhamdulillahi, kumbe ndiyo kwanza tunaanza. Tangu nipate barua yako ya pili mambo yamezidi. Sasa si tumbo peke yake. Mikono inakuwa baridi kama ametoka kufua. Anasema moyo unamwenda mbio akiwa amekaa tu. Siku ya jaribio la hesabu aliomba kwenda chooni mara tano, ya sita mwalimu akamkatalia, akaanza kuhema mpaka darasa zima likasimama. Na hasemi, mdogo wangu! Yule aliyekuwa akituchosha kwa maneno, sasa namuuliza jambo ananijibu kwa mabega.

Daktari ni mama mmoja mfupi, miwani yake imeshikizwa kwa plasta. Nilimwambia mtoto anajifanya. Akanitazama, akasema, "Mama, hajifanyi. Linamuuma kweli. Mtoto akiwa na hofu asiyoweza kuitamka, tumbo linamsemea." Kanituma niandike kila siku linapouma, na zile za nyuma ninazozikumbuka. Naandika kwa chaki yangu ya kukatia, ukutani juu ya cherehani.

Hofu ya nini, sijui. Anakula, analala kwenye godoro, hakuna anayempiga. Nimechoka kukisia.

Dada yako

*

Kambini, 10 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima. Hofu ni kwenu tu.

Nimeomba ruhusa nije, msimamizi amekataa mpaka mkataba uishe. Anasema nikiondoka nisirudi. Sema neno moja tu, nafunga mizigo.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 28 Aprili

Mdogo wangu,

Usije. Kaa chini, soma barua hii mara mbili kabla hujafanya lolote. Naandika Chiriku akiwa shule.

Zile alama zangu za chaki nilikuwa naandika bila kuzisoma. Wiki iliyopita ilikuja bahasha yako, naye aliiona mkononi mwa mleta barua, akatapika uani kabla hata haijafunguliwa. Hapo ndipo nikainua macho ukutani. Alama zimekaa mafungumafungu, na kila fungu linaanzia siku iliyofika barua yako. Ile ya kwanza ilifika Jumanne, Jumatano tumbo. Nami nikasingizia hesabu!

Nilipoingia chumbani nikamkuta amezipanga kitandani zote tatu. Alizitoa kwenye kopo langu la vifungo. Amepiga mstari wa penseli chini ya maneno yale yale kila barua: hofu na mashaka ni kwenu, hofu yote ni kwa mtoto, hofu ni kwenu tu. Akaniuliza taratibu, "Shangazi, baba anajua nini?" Nikamwambia sielewi. Akasema, "Kila siku yeye mzima, hofu ni kwangu. Halafu kaandika unajua mwenyewe kwa nini. Nina ule wa mama, eti? Mama naye alianza na tumbo."

Nilikaa sakafuni, mdogo wangu. Ule mstari tulifundishwa wote na mwalimu mmoja, na tuliousahau tulichapwa. Mimi na wewe tunaupita bila kuuona. Yeye ameusoma kama ulivyoandikwa. Na mimi ndiye niliyekuwa nikimwita aje anisomee kwa sauti.

Nimemwapia hana ugonjwa wowote. Haniamini, na ana haki, si ndiye mimi niliyesema anadeka? Mwandikie yeye. Na kama si mzima, usiandike wewe ni mzima.

Dada yako

*

Kambini, 8 Mei

Mwanangu Chiriku,

Hujambo? Leo sitaandika kwamba mimi ni mzima. Bega la kulia linaniuma na nimechoka. Na kila Ijumaa gari la barua likipiga honi, tumbo langu linajifunga, nakimbilia chooni kabla sijaiona hata bahasha. Wenzangu wananicheka, wanasema barua za nyumbani zina dawa ya kuharisha. Kwa hiyo usidhani ni wewe tu. Tumbo hilo umelirithi kwangu, wala haliui.

Mama yako alikuwa na uvimbe, madaktari waliuona kwenye picha. Wewe wamekupiga picha hawakuuona, kwa sababu haupo. Hakuna ninachokijua juu yako nikakuficha.

Nilikuficha mara moja tu. Mama alipolazwa nilikwambia anaumwa tumbo kidogo, atarudi. Nilikuwa najua harudi. Nilishindwa kukwambia, mwanangu, sikuwa na ujasiri. Nisamehe. Tangu leo, likiwepo jambo nitakwambia, hata likiwa baya.

Ule mstari wa hofu niliuandika kwa mazoea. Hofu ni yangu, nitaibeba mwenyewe. Tumbo likikuuma mwambie shangazi, sasa atakuamini.

Baba yako

*

Nyumbani, 23 Mei

Baba,

Shikamoo. Anayeandika ni mimi. Shangazi yuko kwenye cherehani, anasema nianze kwa kusema sisi ni wazima na hofu ni kwako tu. Nimemwambia hatuandiki hivyo tena. Amecheka mpaka uzi umekatika.

Mimi nina jino linalotikisika. Tumbo limeuma Jumatatu na Alhamisi. Jumatatu nilirudi nyumbani. Alhamisi nilienda nalo shule, likanyamaza kwenye somo la tatu. Kwenye hesabu nimekosa saba, lakini nilikaa mpaka mwisho.

Barua yako niliisoma peke yangu kwanza. Nililia pale ulipomtaja mama. Halafu nikamsomea shangazi, akasimamisha cherehani, na huwa hasimamishi. Ameniomba radhi kwa ile habari ya kudeka. Alisema huku anakata nyuzi bila kunitazama, lakini alisema.

Daktari alinifundisha kitu nami nakufundisha. Weka mkono tumboni, vuta pumzi polepole ukihesabu mpaka nne, itoe ukihesabu mpaka sita. Ijumaa gari likipiga honi fanya hivyo hapo hapo ulipo, waache wacheke. Usikimbie. Nimeandika juu ya bahasha kwa herufi kubwa, uone kabla hujafungua: HUMU HAMNA HABARI MBAYA.

Siku habari mbaya ikiwemo nitaacha kuandika hivyo, ili ujue.

Mwanao