Mayi wa Mlango wa Pili

Mjukuu na wajina wangu Wangari,

Huku Nyeri tuko salama. Babu yako anakohoa kidogo, na ng'ombe amezaa. Umeniuliza kama uache mtoto wako akuite "mayi", kama watu wa babake kule Bungoma, badala ya "maitu" yetu, ingawa yote mawili ni "mama".

Miaka ya kwanza ya Uhuru tulikaa mtaa wa Skuta, hapa mjini Nyeri, mlango kwa mlango na polisi kutoka Bungoma. Mkewe akalazwa hospitalini, na binti yao mdogo, Nekesa, akaletwa kwetu. Mama yangu alimfundisha kusema "maitu". Nekesa alifunga mdomo, na chakula pia akakataa. Siku ya tatu akalia mlangoni, "Mayi." Mama akaacha viazi alivyokuwa akimenya, akatoka, akasema, "Niko hapa." Jioni hiyo mtoto alikula.

Wiki zikapita hivyo. Mke wa yule polisi aliporudi, Nekesa alimwona langoni, akaita, "Mayi." Mama yangu akatoka jikoni mbio, "Niko hapa," kisha akasimama, ameona haya. Alitaka kurudi ndani.

Yule mgonjwa akamshika mkono. "Usiende," akasema. "Anatuita sisi wawili."

Mlete tumwone. Aniite apendavyo, nitaitika.

Cucu wako,
Wangari