Punda Abebe Mzigo Tu

Kambi ya mkonge, karibu na Korogwe

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini kikohozi kimekuacha na mtama umekubali. Mimi sijambo, na leo silisemi neno hilo kwa adabu tu. Yona mdogo wangu, msomee mama taratibu, wala usiruke mahali ninapojisema vibaya.

Barua yenu ilifika. Mnataka nirudi nikae jikoni mnilimie, na wazazi wa mchumba wangu Rebeka wanauliza kama mgonjwa wa moyo anaweza kuoa. Iliniuma sana, mama. Lakini sikuwalaumu, maana baada ya ile homa hata mimi nilijiona mzee. Kwenda kisimani tu nilikaa chini njiani nikihema. Mnyapara alinitoa kwenye kukata mkonge, akaniweka kuanika singa, zile nyuzi za mkonge, pamoja na vikongwe.

Daktari wa zahanati ya shamba, Mhindi mmoja mkali lakini mwenye mzaha, alinisikiliza kifuani kwa mpira wake. Akasema homa imekwisha, ila moyo umelegea kwa kulala mno. Dawa aliyonipa ni kutembea. Kila jioni niende mpaka kwenye reli ya matoroli na kurudi, mwendo wa kuniwezesha kuzungumza, na nikizoea nisogee mbele kidogo. Nilimdharau. Dawa gani hiyo isiyo na chupa? Nikaenda hivyo hivyo, kwa kukosa nyingine.

Ikaanza kunisaidia, na hapo kiburi kikanipanda. Jumapili moja Wanyiramba wenzangu walipiga ngoma, nawe unajua kwetu anayesimama pembeni huulizwa amemkasirikia nani. Nikaingia, nikaruka kuliko wote, mpaka macho yakaingia giza. Nilizindukia zahanati.

Daktari hakunifokea. Aliniuliza, "Kwenu Singida, punda anayeanza kazi mnambebesha nini?"

Nikamwambia magunia matupu, halafu pumba, mpaka mgongo ukomae.

"Na wewe moyo wako umeutwika gunia zima la chumvi," akasema. "Moyo nao ni nyama. Uzoeshe hivyo hivyo."

Niliona aibu, mama. Nimefuga punda tangu utotoni, na bado nilihitaji mtu wa mbali anikumbushe. Nikaanza upya, kwenye reli, kisha mtoni, kisha kilima chenye tangi la maji. Wenzangu walinicheka, wakasema natafuta ng'ombe aliyepotea. Sasa nakipanda kilima chote nikipiga mluzi, na wanaocheka wamebaki wachache.

Juzi daktari alinisikiliza kwa muda mrefu, halafu akanivalisha mpira masikioni nijisikie mwenyewe. Moyo ulikuwa ukipiga polepole na kwa nguvu, kama mtu anayetwanga bila haraka. Akanieleza kwamba zamani ulikimbia kwa sababu kila pigo lilisukuma damu kidogo. Sasa pigo moja linasukuma nyingi, na moyo unapata nafasi ya kupumzika. Nililia mbele yake. Mnyapara amenirudisha kwenye kukata, kwa fungu dogo kwanza.

Nisalimie shangazi aliyenilea ulipokuwa mgonjwa, baba mdogo mfua majembe, na mwalimu wa kanisani anayeniombea. Rebeka mwambie mwenyewe, mama, usimtume mtu, kwamba sijambo.

Nitakuja kabla ya mvua za kulimia, na lori litanishusha Shelui. Umesema Yona atanipokea na punda nipande mlima wa Sekenke mgongoni mwake. Punda aje, lakini abebe chumvi na nguo nilizokununulia. Mimi nitatangulia kwa miguu. Na baba yake Rebeka, kama bado ana swali lake, mwombe anisubiri kule juu mlima unapoishia. Nitamwamkia shikamoo bila kuhema.

Ni mimi mwanao, mwenye miguu yake,
Samweli